Kuosha, kupiga polishi na kupaka nta gari lako nyumbani: toka Guta, Bunda

Leo naandika toka Guta, na kabla hamjaanza kunicheka: ni Guta ya Bunda, pale Ghuba ya Speke mkoani Mara, sio lile guta la matairi matatu la kubebea kreti za soda. Maswali ya rangi za magari yamekuwa mengi na mengi yanafanana. Mmoja kauliza kwa nini Hiace yake nyeupe ukiigusa inaacha unga mkononi. Mwingine kanunua Mark II nyeusi ya Japani, mwaka haujaisha ikikaa juani inaonyesha mikwaruzo ya duara kama utando wa buibui. Wa tatu anataka kujua kama polishi na nta ni kitu kimoja. Nimeona badala ya kumjibu kila mtu kivyake niandike yote hapa mara moja, siku mtu akiuliza tena namtupia hii. Ni ndefu. Kama uko café na dakika zinahesabiwa, iweke kwenye flash ukaisome kwenu.

Kazi hii naifanya uani kwangu. Sina gereji wala mashine. Nina ndoo, mapipa mawili, vitambaa na mikono, na magari yanayokuja ni ya majirani, walimu, wanunuzi wa dagaa na watu wa Bunda mjini wanaofuata samaki mwaloni. Kwa hiyo nitakayosema ni ya mtu mwenye vifaa vya kawaida. Mwenye hela zake za kumpelekea fundi wa mjini na aende, hatumzuii.

RANGI YENYEWE IKOJE

Magari mengi ya siku hizi yana tabaka tatu juu ya bati: praima chini, kisha rangi yenyewe, kisha juu kabisa klia, ambayo haina rangi bali inang'aa na kuilinda ile ya chini. Zote kwa pamoja, kama zilivyotoka kiwandani, kawaida ni kati ya mikroni 100 na 150. Mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Chukua karatasi moja ya fotokopi hapo kwenye printa, ishike: huo ndio unene wa mikroni 100 hivi. Yaani rangi yote ya gari lako ni karatasi moja au moja na nusu, na klia yenyewe ni chini ya nusu ya karatasi hiyo, mikroni 35 mpaka 50. Nataka ulikumbuke hili kila unaposhika kitambaa, maana kila kusugua kunapunguza kidogo na hakuna kinachoota tena.

Lakini magari meupe ya zamani, zile Hiace, Probox na pickup za kazi, mara nyingi hayana klia. Rangi ni moja tu mpaka juu. Ndiyo hizo zinazotoa unga. Jua linaichoma rangi ya juu, inakufa na kuwa chokaa. Huku tuko kama digrii 2 tu kusini mwa ikweta, na ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo jua linatupiga wima na hewa ya kulichuja ni pungufu. Gari lililotunzwa gereji Yokohama likija kulala nje Guta, miaka miwili mitatu linabadilika sura.

Kujua lako ni lipi: chukua kitambaa cheupe (kwa gari jeupe chukua cheusi), weka polishi kidogo, sugua sehemu iliyojificha, mfano chini ya mlango. Kitambaa kikichukua rangi ya gari, huna klia. Kikibaki na uchafu tu, unayo. Kwa asiye na klia habari ni njema kidogo, ule unga unatoka na chini yake kuna rangi nzima. Mwenye klia iliyoanza kubanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua, pole kaka, hapo hakuna polishi wala nta itakayosaidia. Ni kupaka upya.

TUJE KWENYE MAJI, HAPA NDIPO PENYE ISHU

Sasa niseme lile ambalo wengi hawapendi kulisikia. Huku kwetu gari linapelekwa ziwani. Linaingizwa mpaka maji yanafika nusu ya tairi, vijana wanaingia pekupeku, kipande cha godoro mkononi, sabuni ya unga, dakika ishirini kazi imekwisha. Maji ya bure, hakuna kubeba ndoo. Naelewa kabisa. Wengine mnaosoma hapa ndiyo kazi inayowalipia hiyo café.

Tatizo la kwanza ni kichocho. Kile cha huku ziwani ni kichocho cha tumbo. Mtu aliyeambukizwa akijisaidia kandokando ya ziwa, mayai yanaingia majini, yanaanguliwa, vidudu vinaingia kwenye konokono wadogo wa majini, vinazaliana humo, halafu vinatoka kwa maelfu vikitafuta ngozi ya binadamu. Kupenya ni suala la dakika tu. Huhitaji kunywa maji wala kuwa na kidonda, kusimama majini kunatosha. Na vinatoka kwa wingi zaidi mchana jua likiwa kali, saa zile zile ambazo magari ni mengi. Minyoo ikikomaa inakaa kwenye mishipa ya damu karibu na utumbo, inataga miaka na miaka, mayai mengine yanakwama kwenye ini. Mwanzo ni tumbo kuuma na choo chenye damu, watu wanasema ni amiba. Mwisho wake ini na bandama vinavimba, tumbo linajaa maji, na mtu anatapika damu. Kanda hii ya ziwa, Mara, Mwanza mpaka Ukerewe, ni kati ya sehemu zenye kichocho kingi nchini.

Na msidhani natunga ili kuwatisha waosha magari. Wenzenu wa Kisumu walishafanyiwa utafiti kabisa. Vijana wanaoosha magari wakiwa wamesimama ndani ya Ziwa Victoria pale Kisumu walifuatiliwa na watafiti wa KEMRI ya Kenya pamoja na wa CDC ya Marekani, na moja ya ripoti zao ilitoka mwaka 2002 kwenye jarida la kitabibu la The Lancet. Walichaguliwa kwa sababu wako majini kila siku: wanatibiwa, wanarudi kazini, wanaambukizwa tena, wanatibiwa tena. Watafiti walitaka kujua kama mwili unajifunza kujikinga. Baadhi yao, baada ya kutibiwa mara nyingi, walianza kuwa wagumu kuambukizwa. Wengine hawakubadilika, kila wakitibiwa minyoo inarudi. Huwezi kujua wewe uko kundi gani.

Dawa ipo, inaitwa praziquantel, na idadi ya vidonge inategemea uzito wako, kwa hiyo usimeze kwa kukisia. Nenda kituo cha afya, sema wazi kwamba kazi yako ni ya majini, upimwe choo. Ila ujue dawa inaua minyoo iliyomo, haizuii mipya ukirudi kesho.

La pili ni sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 toka ukingo wa ziwa. Sabuni, grisi na oili ya gari vinaingia humo humo tunamochota maji ya kunywa na kuvulia dagaa, na fosfeti ya sabuni ni mbolea kwa gugumaji. Mgambo akikukuta na ndoo majini huna cha kujitetea.

La tatu, ambalo mwenye gari huwa anasikia haraka kuliko hayo mawili (binadamu bwana), ni kwamba maji ya ukingoni yana mchanga. Ule mchanga laini uliovurugwa na matairi unaingia kwenye godoro, na godoro linapita juu ya ile nusu karatasi ya klia. Ile mikwaruzo ya utando wa buibui kwenye Mark II nyeusi ndiko ilikotoka. Sio Mjapani.

Dawa ya matatizo yote matatu ni pipa. Mimi nina mapipa mawili ya lita 200 uani, mbali na ziwa. Maji yanakaa siku mbili kamili kabla ya kutumika. Vile vidudu vya kichocho vikishatoka kwenye konokono havina cha kula, vinaishi siku moja, mbili ni nyingi, vinakufa. Wakati huo huo mchanga unatua chini. Kwa hiyo maji ya siku ya tatu hayakuambukizi na hayakwaruzi. Masharti ni haya: chuja kwa kitambaa kizito wakati wa kujaza ili konokono asiingie pipani, maana akiingia ataendelea kutoa vidudu humo ndani. Funika, la sivyo utafuga mbu. Usivuruge chini, chota juu. Pipa moja likitumika lingine linatulia, zamu kwa zamu. Na anayekwenda kuchota asiingie miguu mitupu. Avae gambuti, au mchangiane pampu ndogo. Kijiwe cha vijana watano wenye mapipa sita kinaweza kufanya kazi kila siku bila mtu kuloa ziwani, na mteja unamwambia hapa gari halikwaruzwi, bei inapanda kidogo. Mimi nimeona wateja wanakubali.

Mwenye kisima au bomba achote tu. Ila angalia kisima chenye maji ya chumvichumvi: yakikaukia kwenye rangi yanaacha madoa meupe. Hapo maji ya ziwa ni bora, maana Ziwa Victoria lina madini kidogo. Madoa yakishatokea, changanya siki na maji nusu kwa nusu, pitisha na kitambaa, acha dakika moja, suuza. Yasipotoka ujue yameshakula klia.

KUOSHA

Asubuhi kabla ya saa tatu au jioni baada ya saa kumi na moja. Bodi iwe baridi. Weka mgongo wa mkono kwenye boneti, ukiona joto subiri. Kwenye bati la moto sabuni inakauka kabla hujaisuuza. Kivuli cha nyumba ni kizuri kuliko cha mwembe. Mwembe unadondosha utomvu, na juu yake kuna ndege wanakungoja umalize.

Ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya maji matupu. Anza kwa kumwaga maji gari zima, juu kwenda chini, bila kugusa na chochote. Hatua hii watu wanairuka na ndiyo kubwa kuliko zote. Vumbi letu la barabara za changarawe ni mawe madogo. Ukilisugua kabla hujalilowesha na kuliteremsha umepiga msasa. Wenye lile bomba la mgongoni la kupulizia pamba, linafaa sana kwa hili, linatoa maji taratibu na kufika chini ya mapindo. Lakini liwe jipya, la maji tu. Lililowahi kubeba dawa ya pamba usiliguse kwa kazi hii hata ukiliosha mara kumi, maana huo mvuke unauvuta wewe.

Kisha chovya kitambaa kwenye sabuni, osha paa, kioo, boneti, buti, milango nusu ya juu, halafu ndiyo ushuke chini. Kila baada ya sehemu moja kikamue kwenye ile ndoo ya maji matupu kwanza, ndipo urudi kwenye sabuni. Ukimaliza angalia chini ya ndoo ya pili, utaona mchanga. Huo wote ungekuwa kwenye rangi. Sogeza mkono kwa mistari iliyonyooka, sio duara. Matairi na rimu vina kitambaa chao, na kisipande juu kamwe. Kitambaa kikianguka chini, hata mara moja, kinaenda kufuliwa. Mimi nina sheria hiyo na vijana wanaonisaidia wananiona mnoko.

Kitambaa gani? Taulo za maikrofaiba ndizo bora, zinapatikana mijini. Zikikosekana, fulana za mtumba za pamba tupu zilizofuliwa mpaka zimelegea, kata pindo, vifungo na zile picha za mpira za kifuani. Dodoki hapana. Godoro hapana, linashika mchanga kwenye vitundu na haliuachii.

Sabuni: shampuu ya gari kama ipo, kifuniko kimoja kwa ndoo. Haipo, tumia sabuni ya maji ya vyombo, kidogo sana. Itaondoa nta yako ya zamani lakini rangi haitaidhuru. Sabuni ya unga ya kufulia ni kali, na chembe zake zisipoyeyuka vizuri zinakwaruza. Kufulia jeans, sawa.

Suuza, kisha kausha hapo hapo na taulo kavu. Usiache jua likukaushie.

Gari la abiria la kawaida linanitoshea ndoo nne za lita 20, tano likitoka barabara ya tope.

Vitu vya kutoa haraka bila kungoja siku ya kuosha: kinyesi cha ndege, na huku yangeyange hawana adabu, maji ya samaki, na wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama moshi. Wadudu wanafuata taa usiku, kwa hiyo usipaki chini ya taa ya nje, asubuhi utalikuta gari limevaa koti. Vikishakauka usivikwangue kwa kucha. Weka kitambaa kilicholowa maji juu yake dakika kumi, vinalainika vyenyewe. Wenye pickup za kubeba sangara na dagaa, yale maji yanayochuruzika toka kwenye karai yana damu na mara nyingine chumvi, suuzeni nyuma na chini jioni ile ile, maana kutu inaanzia kwenye mapindo ya bodi.

DAWA ZA MTAANI

Mafuta ya taa: unapitisha, gari linang'aa kama jipya, mteja anatabasamu, analipa. Akifika Bunda mjini vumbi lote la njiani limenasa. Na mafuta ya taa yanayeyusha nta na kuharibu mipira ya milango. Dizeli ni hivyo hivyo.

Mafuta ya breki kung'arisha matairi na bampa: acheni jamani. Tone likirukia kwenye rangi linaivimbisha na kuibandua kama dawa ya kutolea rangi. Likimwagika usifute, mwaga maji mengi mara moja, linachanganyika na maji.

Dawa ya meno kwenye taa zilizopauka inafanya kazi, sikatai, maana ina chembe za kusugulia. Wiki chache umanjano unarudi, kwa sababu kile kinga cha jua kilichokuwa juu ya plastiki ya taa kimeshakufa. Msasa wa maji namba 1000, kisha 2000, kisha polishi, kisha nta juu yake kila mwezi, hapo utasogeza.

Kiwi nyeusi kwenye bampa la plastiki, hilo sina ugomvi nalo. Mvua ya kwanza itaondoka nayo.

POLISHI NA KOMPAUNDI

Turudi kwenye swali la yule wa tatu. Polishi inaondoa, nta inaongeza. Polishi ni chembe laini sana ndani ya uji. Inakwangua tabaka jembamba la juu lililokufa au lililokwaruzwa mpaka usawa unapatikana tena na mwanga unarudi vizuri machoni. Kompaundi ni ndugu yake mkali, chembe kubwa zaidi. Kuna makopo yameandikwa polishi na ndani mna nta pia, soma mgongoni: kama inasema inaondoa mikwaruzo, ina chembe.

Kabla ya polishi hakikisha bodi ni laini. Ingiza mkono kwenye nailoni nyembamba, ile ya kufungia mkate inatosha (mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, usinitafutie kesi), pitisha vidole juu ya boneti iliyooshwa. Nailoni inakuza hisia. Ukisikia vipele, kuna uchafu ulionasa, utomvu, lami, chembe za chuma. Lami inatoka kwa mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa, hapo tu ndipo nayaruhusu, kisha osha kwa sabuni papo hapo. Vipele vingine vinatoka kwa ule udongo maalum wa kusafishia rangi ambao maduka ya vifaa vya magari mijini wanao. Unautelezesha na maji ya sabuni bila kukandamiza, unaukunja kila mara upande safi.

Sasa kipimo cha mkwaruzo: pitisha ukucha. Ukucha ukinasa, mkwaruzo umeshapita klia au unakaribia, usijaribu kuusugua utoke, utatoboa. Usiponasa, twende.

Chagua kipande kimoja cha ukubwa wa daftari kubwa, weka polishi kiasi cha njegere, sugua kwa kitambaa kilichokunjwa, nguvu ya wastani, dakika mbili tatu, mpaka uji uwe karibu kupotea. Futa na kitambaa safi, tazama ubavuni mwa mwanga. Kikitosha, endelea gari zima kwa mtindo huo huo, kipande kwa kipande. Kisipotosha rudia. Usianze na kompaundi kwa sababu una haraka. Anza na laini uone. Gari zima kwa mkono ni siku nzima na mabega utayasikia, ndiyo maana watu wanachaji. Kwenye kona, mapindo na mistari ya bodi, pita mara moja tu, kiwandani kwenyewe rangi hapo hukaa nyembamba.

Hiace yenye unga inakula vitambaa. Vitageuka vyeupe vyote, usishtuke, ni ile rangi iliyokufa inatoka. Badilisha upande kila mara, ukitumia kitambaa kilichojaa unaurudisha unga ule ule. Ukiona chini rangi imekolea na inateleza, simama hapo.

Halafu kuna wale wanaofunga sponji kwenye grenda. Grenda ndogo ya kukatia chuma inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Mashine ya polishi inafanya kazi kati ya 600 na 3,000. Sekunde chache pamoja na grenda, klia imeungua mpaka praima, na ukishaona praima hakuna cha kurudisha. Kuna gari la jirani mmoja hapa, boneti ina alama ya mwezi mchanga mpaka leo. Alinunua Corolla ile kwa hela za pamba za misimu miwili, na dalali alipokuja kuiangalia alianza na ule mwezi kabla hajafungua hata mlango.

Kwa gari lenye klia, polishi mara moja kwa mwaka inatosha sana, na ukiosha vizuri unaweza kukaa miaka miwili. Hesabu ile karatasi.

NTA

Nta haifichi mkwaruzo wala haiondoi unga. Kazi yake ni kukaa juu na kuumia badala ya klia. Ile maarufu ya magari inatoka kwenye mti mmoja wa Brazili wa jamii ya minazi, carnauba, majani yake yanatoa nta ya kujikinga na jua kali la kule. Inayeyuka kwenye nyuzi 82 mpaka 86 za Selsiasi. Kuna aliyeuliza kwa nini tusitumie nta ya nyuki wakati Tanzania tunayo tele, Tabora wanauza mpaka nje. Swali zuri. Nta ya nyuki inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, na bati jeusi lililokaa juani mchana huku linaweza kufika 70. Kwa hiyo peke yake inalainika na kushika vumbi. Kwenye viatu, kwenye mbao, safi sana. Na tafadhali msiichemshe jikoni pamoja na tapentaini au petroli mkitafuta fomula, mtaunguza nyumba.

Kupaka: gari liwe limeoshwa, kavu, baridi, kivulini. Chota kidogo kwa sponji laini, paka nyembamba mpaka ujisikie bahili. Nene haikingi zaidi, inasumbua tu kufuta. Paneli moja au mbili kwa wakati. Ngoja ipauke kama ukungu, pitisha kidole. Pakiwa safi chini ya kidole, iko tayari. Futa na maikrofaiba au fulana safi, geuza, futa tena. Epuka plastiki nyeusi za bampa na mipira ya vioo, nta ikikaukia pale inaacha weupe unaoudhi. Zibandike utepe wa karatasi kwanza.

Kwa jua letu nta ya carnauba inakaa miezi miwili, mitatu ukibahatika. Zile za viwandani zisizo za mimea zinafika minne mpaka sita. Kujua kama ipo, mwaga maji: yakijikusanya matone ya duara na kukimbia, ipo. Yakitandaa kama shuka, imekwisha. Kuna na zile dawa za siku hizi zinazoitwa seramiki, zinakaa mwaka na zaidi, lakini zinafunga chochote kilicho chini yake, mikwaruzo na yote, na bei yake wengi wetu tungenunua tairi. Chupa inayosema seramiki ya miaka mitano na inauzwa bei ya soda mbili, jijibu mwenyewe.

Kabla ya kuuza gari watu wananiuliza wafanye nini. Osha, polishi, nta, taa, kwa mpangilio huo, siku tatu kabla mnunuzi hajaja, sio asubuhi ile ile, maana gari lililolowa na kunukia sabuni dalali analitilia shaka. Na usipake nta juu ya kutu ukidhani haitaonekana. Watu wa Sirari wanaokuja kununua huku wanatembea na sumaku mfukoni, wanaiweka kwenye mapindo kusikilizia kama chini kuna bati au kuna puti.

Maswali yawekeni hapo chini, taja aina ya gari, mwaka, rangi na linalala wapi. Wale wa kijiwe cha mwaloni mnaotaka kujua mapipa nimeyafungaje bomba, nitaweka picha. Nawasilisha.